Nyiragongo Haiwezi Kushika Zamu ya Jua

Watoto wa Goma wana swali ambalo watoto wa miji mingi hawawezi kuliuliza. Usiku, mawingu yaliyo juu ya volkano ya Nyiragongo yakiwa mekundu, mmoja hunyoosha kidole na kusema: hata jua likipotea, si tuna moto wetu hapa? Ni swali zuri sana, wadogo zangu. Leo tulifuate mpaka lituonyeshe linakokwenda.

Kwanza niwatoe hofu. Jua haliwezi kutoweka ghafla. Limeshawaka miaka bilioni 4.6 hivi na linaweza kuwaka bilioni 5 nyingine. Lakini tuseme, kwa ajili ya hadithi tu, limetoweka leo saa sita mchana, mtaa wa Birere umejaa watu.

Hakuna atakayejua. Jua liko mbali nasi kilomita milioni 150, na mwanga, ijapokuwa unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Muuza nyanya ataendelea kupanga mafungu yake akiangaziwa na jua ambalo halipo tena. Hata mvuto wa jua, nguvu inayoifanya Dunia ilizunguke, hausafiri haraka kuliko mwanga. Dakika hizo zikiisha, mambo mawili yatatokea kwa pamoja: giza litaingia, na Dunia itaiacha njia yake ya mzunguko, ishike njia iliyonyooka kuelekea gizani, kilomita 30 kila sekunde. Huo ndio mwendo wake hata sasa hivi. Kwa mwendo huo ungetoka Goma ukafika mji jirani wa Sake kabla hujamaliza kutamka jina lako.

Mwezi, kama ulikuwa angani, utazimika sekunde chache baadaye, maana mwanga wake ni wa kuazima. Nyota zitatoka zote. Na kuna jambo hapa ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria: sayari ya Mshtarii, kama iko juu yetu, itaendelea kung'aa kwa zaidi ya saa nzima. Iko mbali mno, kwa hiyo mwanga wa mwisho wa jua utakuwa bado uko safarini, unakwenda kwake kisha unarudi kwetu.

Usiku wa kwanza hautaua mtu kwa baridi. Ardhi, hewa na maji ya Ziwa Kivu vimehifadhi joto. Lakini asubuhi haitakuja kulirudisha joto linalopotea. Wanasayansi wanakadiria kwamba wiki ya kwanza haitaisha kabla wastani wa joto la Dunia haujashuka chini ya sifuri, na kwamba ndani ya mwaka mmoja utafika nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Sisi wa Goma tuko mita 1,400 na zaidi juu ya bahari na tumezoea kuvaa sweta jioni. Sweta hiyo haitasaidia.

Maharagwe na viazi vya Masisi vitakufa mapema, kisha nyasi, kisha ng'ombe wanaotupa jibini. Ngagi wa Virunga wana manyoya marefu na wanastahimili usiku wa baridi wa mlimani, lakini chakula chao ni majani, mianzi na mashina mabichi. Njaa itawakuta kabla baridi haijamaliza kazi. Ziwani, sambaza hula vijidudu, na vijidudu hivyo hula mwani unaoishi kwa mwanga. Wavuvi wa usiku wanajua jinsi samaki hao wanavyoifuata taa. Taa itawavuta, ila haiwezi kuwalisha. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakazaana hadi kuwa chakula cha mji mzima. Kutoweka kwao hakungechukua muda mrefu kama kuzaana kwao.

"Tutawasha makala," mtasema. Haya, chukueni kipande kimoja kabla mama hajakitia kwenye mbabula. Kivunjeni, mtazame pale kilipovunjika. Mnaona vile vitundu vidogo vilivyopangana? Ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji ndani ya mti. Maji hayo yalifika kwenye majani, yakakutana na hewa ya kaboni, na mwanga wa jua ukaviunganisha viwili hivyo kuwa sukari. Sukari ikajenga mbao, mbao zikachomwa, makala yakashuka mjini juu ya chukudu. Kwa hiyo moto unaopikia sombe jioni ni jua la miaka iliyopita, linaachiliwa kidogo kidogo. Tutakuwa tunatumia akiba, na anayeijaza akiba hiyo ameondoka.

Umeme wa mabwawa nao ni wa jua. Jua ndilo linaloyainua maji yawe mawingu, mvua ikanyesha milimani, mito ikashuka kuzungusha mitambo ya Matebe na ya Ruzizi. Bila jua hakuna mvua, na mto uliogeuka barafu hauzungushi kitu.

Sasa turudi kwa Nyiragongo. Nguvu yake tunaijua. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika maduka, nyumba na sehemu ya uwanja wa ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikafika Buhene, watu wakakimbilia Sake na Gisenyi. Lava hiyo ina joto la kuyeyusha jiwe. Lakini yako wapi leo mawe ya 2002? Tumeyajengea kuta, na watoto huyakalia bila kuungua. Lava ikikutana na hewa hufanya gamba, na gamba la jiwe hupitisha joto polepole mno.

Dunia nzima ndivyo ilivyo. Tumboni ni moto, ila joto linalopenya hadi juu ni dogo sana. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 hutoa wati 9 tu, za kuwashia balbu moja ndogo. Ukilinganisha, joto ambalo Dunia hupokea kutoka juani linazidi hilo zaidi ya mara 2,000. Tukiachiwa moto wa chini peke yake, mwishowe uso wa Dunia utafika kama nyuzi 240 chini ya sifuri, na kabla ya hapo hewa yenyewe itageuka kimiminika, kisha igande na kulala ardhini.

Lakini chini ya barafu ya Kivu mambo yatakuwa mengine. Barafu huelea, na ikishakuwa nene hulifunika ziwa kama blangeti. Kivu ina kina cha mita 485. Vilindini hakuna oksijeni, na maji ya huko ni ya moto kuliko ya katikati, kwa sababu chemchemi za volkano huingiza kwa chini maji ya moto yenye chumvi na hewa ya kaboni, gesi ileile ya mazuku. Wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaotengeneza gesi ya methani. Baadhi hula mabaki ya mwani unaozama, nao watakosa chakula. Wengine hutumia hewa hiyo ya kaboni na hidrojeni, wala hawahitaji mwanga. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta viumbe tele kwenye chemchemi za moto katika sakafu ya bahari yenye giza. Wale wadogo wasiohitaji mwanga, wa Kivu na wa baharini, wanaweza kuendelea muda mrefu sana baada ya sisi.

Na watu? Wapo watakaojaribu, na mimi ningekuwa miongoni mwao. Kule Olkaria, Kenya, mvuke wa ardhini unazalisha umeme tangu 1981. Ng'ambo ya ziwa letu, Karongi nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt huchoma methani ya Kivu na kutoa megawati 26. Oksijeni ya kuichomea, iliyotengenezwa na mimea, ingedumu maelfu ya miaka kama hewa isingeganda. Basi tupige hesabu ya kulima chakula chini ya taa. Mtu mmoja anahitaji bustani ya mita mraba 50 hivi, na kila mita taa za wati 200: jumla kilowati 10. Mtambo wote ungelisha watu 2,600. Goma peke yake ina watu zaidi ya milioni moja, na katika hesabu hiyo bado hatujapasha joto hata chumba kimoja.