Kiguru Aliyeshinda Mbio

Vijana wetu wanaofuata mbio za motokaa walijua jina la McLaren lilipotwaa ubingwa wa waundaji magari mwaka 2024. Wazee huenda wakakumbuka kwamba shirika la serikali ya Bahrain lilinunua hisa humo mwaka 2007. Lakini mwenye jina, Bruce McLaren, wachache wamjuao.

Alizaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1937, babake akiwa na gereji. Alipofika miaka tisa alishikwa na ugonjwa wa mfupa wa nyonga, akalazwa karibu miaka miwili, miguu imefungwa. Ilikhofiwa hatatembea tena. Aliinuka, ila mguu wa kushoto ukabaki mfupi kuliko mwenziwe, na kuchechemea hakukumwacha maisha yake yote.

Kiguru huyo alikwenda Ulaya mwaka 1958, akaendesha magari ya Cooper, na Desemba 1959 akashinda mbio kuu za Marekani kule Sebring. Alikuwa na miaka 22, umri ambao wengi wetu tungali tukiomba nauli kwa wazee.

Angeweza kutosheka. Lakini sisi watu wa bahari twajua tofauti ya nahodha wa jahazi la tajiri na nahodha aliyejiundia lake. Mwaka 1963 McLaren alianzisha kikosi chake mwenyewe. Mwaka 1968 alishinda mbio za Ubelgiji, huko Spa, ndani ya gari lenye jina lake. Mwaka uliofuata mashindano ya Can-Am, yaliyokuwa yakifanywa Marekani na Kanada, yalikuwa na mbio 11. Magari yake yalitwaa zote: yeye 6, na mwananchi mwenziwe, Denny Hulme, 5.

Tarehe 2 Juni, 1970, alikuwa Goodwood, Uingereza, akilijaribu gari jipya. Hapakuwa na mashindano wala kombe. Bodi ya nyuma ikang'oka gari likiwa mbioni, likamshinda, likagonga kibanda cha wasimamizi wa njia. Akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 32, akaacha mke na binti mdogo.

Mafundi waliambiwa wapumzike siku ya pili. Wote wakaja kazini.

Siku 12 baada ya msiba, magari yake yalipangwa Mosport, Kanada. Dan Gurney, aliyeitwa kushika nafasi ya marehemu, akashinda. Hulme, aliyeungua mikono kule Indianapolis mwezi uliotangulia, aliendesha vitambaa vya dawa vikiwa bado mikononi, akatoka wa tatu. Mwaka ulipokwisha, bingwa wa Can-Am alikuwa yeye.