Mahali Kioo cha Pikipiki Kisipofika

Kwa miaka mingi mwendesha pikipiki wa Kibondo au Kasulu hakuhitaji sana kioo ili ajue kwamba gari linakuja nyuma yake. Barabara ya changarawe ilimpa taarifa mapema. Lori lilisikika likigonga makorongo kabla halijamkaribia, na mwendo wa kila chombo ulikuwa mdogo kwa kulazimishwa na njia yenyewe. Ujenzi wa barabara ya lami kutoka Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260, umebadili hali hiyo. Juu ya lami gari dogo hukaribia bila kishindo, na upepo unaovuma masikioni humeza hata ile sauti kidogo iliyobaki. Kazi iliyokuwa ya sikio sasa ni ya jicho.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa na Noah ikija nyuma kwa kilomita 80, nafasi iliyo kati yao hupungua kwa mita 11 hivi kila sekunde. Dereva aliyetazama kioo, akaliona gari kwa mbali, kisha akakaa sekunde nne akizungumza na abiria kabla ya kukata kona, amelikaribisha gari hilo kwa zaidi ya mita 40 bila kujua.

Vioo vingi vya pikipiki vimetengenezwa kwa umbo la kubenuka kidogo, lile ambalo wanafunzi wa fizikia huliita kioo mbinuko. Umbo hilo humwezesha dereva kuona eneo pana, lakini kila kitu huonekana kidogo na kwa hiyo hudhaniwa kuwa mbali kuliko kilivyo. Kioo basi kinafaa kumwambia dereva kwamba kuna kitu nyuma. Hakifai kuaminiwa peke yake kuhusu umbali wa kitu hicho.

Tena kuna eneo ambalo kioo hakilioni kabisa. Wenye shaka wanaweza kulithibitisha kijiweni bila gharama yoyote. Pikipiki isimamishwe imezimwa, dereva akae kama akaavyo safarini, mwenzake atembee taratibu kutoka nyuma akipita upande wa kulia. Ataonekana kiooni, kisha atatoweka, na hatua kadhaa baadaye ndipo atakapojitokeza pembeni mwa jicho. Katika hatua hizo alizopotea, pikipiki nyingine nzima au ubavu wa gari huweza kujificha. Hakuna namna ya kukirekebisha kioo ili eneo hilo liishe. Huweza kupunguzwa tu. Kinacholifikia ni shingo, yaani kugeuza kichwa na kutupa jicho juu ya bega.

Hata hivyo, kioo kilichokaa vibaya huliongeza eneo hilo bila sababu. Dereva akiwa amekaa kwenye kiti, aone ncha ndogo tu ya bega lake katika ukingo wa ndani wa kioo, na barabara ya nyuma ipite katikati. Wapo wanaotembea na kioo ambacho nusu yake inaonyesha kiwiko cha koti. Nati nayo ikazwe mara kwa mara, kwa kuwa njia za vijijini hutikisa kioo mpaka kikatazama mawingu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huziba kioo kwa safari moja tu, hivyo kitambaa kikavu chini ya kiti ni kifaa cha kazi sawa na spana.

Wengine huving'oa vioo kabisa. Sababu zao zinaeleweka: vinagongana katika msongamano wa soko, vinazuia mizigo, vinavunjika pikipiki ikianguka, na baadhi ya vijana huona pikipiki isiyo na vioo inapendeza. Lakini anayeng'oa kioo hulazimika kugeuza shingo kila anapotaka kujua habari ya nyuma, na kwa kuwa hilo huchosha, mwishowe huacha kutazama. Shehena pana ya magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi au madumu huleta matokeo hayo hayo, maana huviziba vioo vyote viwili vikiwa vizima.

Hatari kubwa zaidi ni ya kukata kulia kutoka barabara kuu kuingia njia ya kijiji. Gari linalokuja nyuma tayari limehamia kulia ili liipite pikipiki, na pikipiki nayo inahamia huko huko. Mpangilio unaofaa ni huu: dereva hutazama kioo, huwasha taa ya ishara mapema, hupunguza mwendo, hutazama kioo tena, kisha hugeuza kichwa kidogo na kutazama juu ya bega la kulia kabla tu ya kuigeuza pikipiki. Mtazamo huo usizidi sekunde moja. Katika kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ni mita 14 za njia ambayo hakuna anayeitazama, kwa hiyo mbele pawe peupe kwanza. Kinachogeuka ni kidevu tu. Kiwiliwili kikifuata, usukani nao hufuata.

Mara nyingi kona hii hukatwa ghafla kwa sababu abiria amesema "Hapo hapo kulia!" wakati njia imeshafikiwa. Mama anayepelekwa zahanati akiwa na mtoto mgongoni anaweza kujisaidia kwa kusema mapema. Dereva aliyechelewa kuambiwa apite, asimame pembeni kushoto, kisha avuke njia ikiwa wazi. Nusu dakika itapotea.

Malori nayo yana maeneo yao yasiyoonekana, makubwa kuliko ya pikipiki. Kwa lori letu lenye usukani wa kulia, ubavu wa kushoto ndio ulio mbali na dereva, na pikipiki inayojipenyeza kati ya lori na ukingo wa barabara hubanwa lori likikata kushoto. Ukanda huu una jambo lake la ziada. Nchini Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, na baadhi ya malori yanayoingia kwa Manyovu au Mabamba yana usukani wa kushoto. Dereva wake hukaa upande wa ukingo, mbali na upande ule ambao sisi huutumia kupita. Anayetaka kulipita lori la namna hiyo abaki nyuma, mahali anapoweza kuuona uso wa dereva katika kioo cha lori, apige honi fupi, na asianze kupita kabla lori halijaonyesha kwamba limemtambua.