Mgeni Anapomwangusha Mwenyeji: Uchunguzi wa Mashine Pepe baada ya Masasisho

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wataalamu wa kompyuta nao hutumia sitiari iyo hiyo: kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya ile halisi, huitwa mgeni. Makala haya yanakusudia kueleza hali iliyo kinyume cha methali, ambapo mgeni humwangusha mwenyeji mara baada ya mfumo endeshi kusasishwa.

Suala hili linawagusa wanaisimu moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 watafiti wengi walihifadhi data za kamusi kwa programu ya Shoebox ya SIL. Matoleo yake ya awali yalitungwa kwa ajili ya MS-DOS, na programu za biti 16 hazifanyi kazi moja kwa moja katika Windows ya biti 64. Mashine pepe ndiyo huziwezesha kuendelea kutumika. Kwa mtafiti wa Kiswahili cha Lubumbashi hasara ya data hizo ni kubwa, kwa kuwa maandishi ya zamani ya lahaja hii ni machache. Historia ya mji iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, wakati mji ukiitwa Elisabethville, ilifikia wasomaji wengi kwa sababu nakala yake ilitunzwa hadi Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990.

2.0 Chanzo cha mwanguko

Kwa kawaida mgeni hana uwezo wa kumdhuru mwenyeji. Prosesa humtenga, na akianguka huanguka peke yake. Basi mwenyeji anapoanguka, kosa litafutwe kwanza mahali pasipo na utengano huo, yaani katika kiini cha mfumo endeshi. Programu kama VirtualBox hupachika moduli zake ndani ya kiini. Kiini kikibadilishwa na masasisho, moduli iliyoundwa kwa kiini cha zamani huenda isiafikiane nacho.

Tukio la tarehe 19 Julai 2024 linatosha kuwa mfano, ijapokuwa halikuhusu mashine pepe. Faili moja yenye kasoro, iliyosomwa na programu ya usalama ya CrowdStrike ndani ya kiini cha Windows, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft.

Aidha, yafaa kutofautisha mwanguko na kukataa kuwaka. Tangu Linux 6.12 ya Novemba 2024, KVM hushika uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe mara tu inapopakiwa. Kwa hiyo VirtualBox huweza kushindwa kuwasha mgeni, ingawa mwenyeji yu salama.

3.0 Hatua za uchunguzi

(a) Kabla ya jaribio lolote, nakili faili ya diski ya mgeni kwenye diski nyingine. Picha ya hali ya mashine inayotunzwa na programu yenyewe si nakala ya akiba, kwani hutegemea diski ile ile.

(b) Soma kumbukumbu za matukio. Katika Linux, amri ya journalctl -k -b -1 huonyesha ujumbe wa kiini kabla ya mwanguko. VirtualBox nayo huandika faili ya VBox.log. Kumbukumbu zikikatika ghafla bila onyo, chunguza pia umeme. Mjini Lubumbashi, ambako umeme hukatika mara kwa mara, jambo hili lisisahauliwe. Hata hivyo ukimya huo si ushahidi kamili, kwa kuwa kiini huweza kufa kabla ya kuandika neno.

(c) Washa mwenyeji kwa kiini cha zamani. Mgeni akifanya kazi bila tatizo, shaka inaelekea kwenye masasisho.

(d) Unda mgeni mpya asiye na kitu. Naye akimwangusha mwenyeji, kosa halimo katika data za mgeni wa kwanza.

(e) Punguza mahitaji ya mgeni: zima michoro ya pande tatu, ondoa vifaa vya USB, punguza kumbukumbu aliyotengewa. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

(f) Chanzo kikibainika kuwa ni moduli, sasisha programu ya mashine pepe hadi toleo linalokitambua kiini kipya, kisha unda moduli upya. Toleo hilo lisipopatikana, baki na kiini cha zamani kwa muda.

4.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mwanguko wa mwenyeji si ushahidi kuwa mgeni ameharibika. Mara nyingi data zi salama, na hatari kubwa zaidi hutokana na kuwasha mashine tena na tena kwa pupa, au kumfuta mgeni na kuanza upya. Kwa hiyo nakala itangulie uchunguzi, na uchunguzi utangulie matengenezo.