Mkono wa Mchezaji: Fani na Maudhui Katika Michezo Mitatu ya Kompyuta

UTANGULIZI

Makala haya yanahusu michezo mitatu ya kompyuta ambayo nimeimaliza hivi karibuni, nayo ni Shadow of the Colossus, Papers, Please na Undertale. Najua wapo wasomaji watakaouliza: gemu zimefuata nini katika jarida la uhakiki wa fasihi? Swali ni la haki na sitalikwepa. Wanafunzi wanaosoma riwaya ambayo haimo kwenye kozi tunaweza kuwahesabu kwa vidole, lakini wanaokesha na gemu hawana idadi. Kama sisi tunaojifunza uhakiki tutanyamaza, kazi ya kuwaambia vijana gemu ipi ina maana na ipi ni makelele matupu itabaki mikononi mwa wauzaji.

Kuna kauli mbili zinazosikika kila mjadala huu unapozuka. Ya kwanza husema gemu ni mambo ya watoto, basi. Ya pili, ambayo ni ya wapenzi wa gemu wenyewe, husema gemu fulani ni kali kwa sababu "ina stori kama sinema". Ya kwanza naikataa, lakini hata ya pili hainiridhishi. Ukiisifu gemu kwa kufanana na sinema, umesifu kile ilichoazima ukaacha kile kilicho chake.

Hoja yangu ni hii: katika mchezo uliotungwa vizuri, sehemu kubwa ya ujumbe imo katika kazi ambayo mkono wa mchezaji unatakiwa kuifanya. Mhakiki asiyeuangalia mkono huo atakuwa amehakiki picha tu.

FANANI, HADHIRA NA MCHEZAJI

Sote tuliosoma fasihi tumepitia ule mfano wa kikombe na chai: fani ni kikombe, maudhui ni chai iliyomo. Mfano huu unamsaidia mwanafunzi anayeanza, lakini una kasoro. Unatufanya tuamini kwamba chai ileile ingeweza kumiminwa katika kikombe kingine chochote na isipungue kitu. Katika michezo nitakayoieleza hapa, ukibadili kikombe, chai inamwagika.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Fanani anapoita "Paukwa!" hungoja aitikiwe "Pakawa!", na asipoitikiwa hadithi hailiki. Kitendawili ndiyo kabisa: mmoja hutega, mwingine hutegua, na akishindwa hutoa mji. Aliyekaa pembeni kimya hajacheza kitendawili, amekisikia tu. Kwa hiyo hadhira inayotenda, na inayolipa ikishindwa, tunayo tangu zamani.

Tamthilia ya jukwaani imemweka mtazamaji mbali kidogo. Tunapomtazama Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, tunaona jinsi neno lake juu ya maji linavyomponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Tunaumia, lakini mikono yetu imetulia magotini. Hakuna mtazamaji anayetoka ukumbini akijiuliza kama ni yeye aliyewapeleka watu kwenye risasi za Wajerumani. Mchezo wa kompyuta humnyima mtu nafuu hiyo ya kukaa pembeni. Hebu tuone jinsi kila mmoja wa michezo hii mitatu unavyofanya hivyo.

KUNG'ANG'ANIA: SHADOW OF THE COLOSSUS

Mchezo huu uliongozwa na Mjapani Fumito Ueda, ukatoka mwaka 2005 kwa mashine ya PlayStation 2. Mwaka 2018 ulitengenezwa upya kwa ajili ya PlayStation 4. Kisa chake ni kifupi. Kijana aitwaye Wander anambeba msichana aliyekufa, Mono, hadi katika nchi iliyokatazwa. Sauti iitwayo Dormin inamwambia kwamba akiyaua majitu 16, huenda msichana akafufuka. Basi kijana anapanda farasi wake, Agro, anakwenda kuua.

Nchi yenyewe ni tupu. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna maadui wadogo wadogo wa njiani. Mchezaji aliyezoea gemu za kufyeka watu hukosa pa kujificha: kati ya jitu na jitu unabaki wewe, farasi, na swali la kwa nini unafanya haya. Jitu la 13 ni kama joka kubwa linaloelea juu ya jangwa, na halikushambulii hata mara moja. Ni wewe unayelitungua kwa mishale, ukaliparamia, ukalichoma upanga. Jitu likianguka hupigiwi vigelegele. Muziki unaosikika ni wa msiba. Kisha nyuzi nyeusi zinatoka katika mzoga na kumwingia Wander, na kadiri majitu yanavyokwisha ndivyo sura yake inavyozidi kuharibika.

Hayo yote hata sinema ingeyaweza. Sasa tuangalie mkono. Ili Wander asianguke kutoka mwilini mwa jitu, inakubidi ubonyeze kitufe kimoja na usikiachie. Jitu linajitikisa, nguvu za Wander zinapungua mbele ya macho yako, kidole kinauma, lakini ukiachia tu, chini! Kwa saa nyingi kitendo chako kikuu ni kung'ang'ania. Na kung'ang'ania ndiko dhamira yenyewe, maana huyu ni mtu asiyekubali kumwachia aliyekwisha kufa. Karibu na mwisho, upepo unapomvuta Wander kuelekea kwenye kidimbwi cha hekaluni, mchezo hauyaonyeshi tu hayo kama sinema. Unakurudishia wewe uwezo wa kumwendesha. Unaweza kukimbia, unaweza kushika ukingo wa ngazi, unaweza kubonyeza kitufe kilekile cha siku zote. Haisaidii. Utaachia tu. Nimesoma mashairi mengi ya maombolezo, lakini somo la kuachia lililofundishwa kwa kidole cha msomaji mwenyewe sijalikuta katika karatasi.

HURUMA YENYE BAJETI: PAPERS, PLEASE

Mchezo wa pili ni wa Lucas Pope, aliyeutoa mwaka 2013. Wewe ni ofisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, na mwaka ni 1982. Ajira umeipata kwa bahati nasibu. Tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni unakagua pasi, vibali na picha. Tarehe ikiwa imepita au jina likipishana, unagonga muhuri mwekundu. Kila anayehudumiwa sawasawa anakuingizia krediti 5. Jioni unagawa kilichopatikana: kodi ya nyumba, chakula, joto, na dawa kama kuna mgonjwa. Nyumbani wapo mke, mtoto wa kiume, mama mkwe na mjomba.

Sisi ambao tumepanga foleni kwenye madirisha ya ofisi tukaambiwa "njoo kesho" tunalijua dirisha hili kutoka nje. Pope anatukalisha ndani. Katika kazi nyingi tunazozihakiki, mrasimu ni mtu mwenye kitambi, mla rushwa, ambaye msomaji humchukia kuanzia ukurasa wa kwanza. Hapa mrasimu ni wewe, na tumbo lenye njaa ni la mwanao.

Mapema katika mchezo anafika mwanamume mwenye karatasi zilizokamilika. Anakuomba umtendee wema mkewe, anayefuata nyuma yake. Mke anafika, hana kibali cha kuingia, naye anasema akirudishwa alikotoka atauawa. Mimi nilimgongea muhuri wa kijani. Papo hapo ikatoka karatasi ya onyo.

Hapa ndipo ufundi wa Pope ulipo. Maonyo mawili ya kwanza ya kila siku hayakatwi fedha. La tatu linakatwa. Kwa hiyo mchezaji anayetaka kuwa na utu huanza kujiwekea akiba. Anakagua kwa makini zaidi, hafanyi uzembe, ili yale maonyo mawili ya bure yabaki kwa ajili ya mtu mwenye shida atakayetokea mchana. Aliyeyamaliza asubuhi kwa haraka zake, jioni hana huruma ya kumpa mtu isipokuwa ailipie kwa chakula cha nyumbani. Mfumo haujakukataza kuwa mwema. Umeupangia wema bajeti, na ukakuachia wewe kazi ya mhasibu. Baadaye mlinzi mmoja anakuahidi mgao wa fedha ukiwaweka watu ndani, na ghafla unajikuta unayaangalia makosa ya watu kwa jicho la mfanyabiashara. Hakuna mhusika anayetoa hotuba juu ya ukatili wa dola. Hotuba yote imo katika mihuri miwili, mwekundu na kijani.

MCHEZO UNAOKUMBUKA: UNDERTALE

Undertale ya Toby Fox ilitoka mwaka 2015. Mtoto anaanguka chini ya ardhi, kwenye makazi ya mazimwi, naye anatafuta njia ya kurudi juu. Kila anapokutana na zimwi, mchezaji anaweza kupiga au kuhurumia, na hakuna hata mmoja ambaye ni lazima auawe. Kuhurumia kuna kazi yake: huyu umcheke vichekesho vyake, yule umsikilize. Yupo mbwa mlinzi ambaye ukimpapasa shingo inarefuka, ukimpapasa tena inazidi kurefuka. Utacheka mpaka basi.

Mfano bora ni Toriel, zimwi mwenye moyo wa mama anayemlea mtoto katika sura za mwanzo. Mtoto anapotaka kuondoka anamzuia, na inabidi wapambane. Anakurushia moto bila kusema neno la mapenzi. Lakini uhai wako ukishakaribia kwisha, moto wake unaanza kukukwepa. Angalia hapo: upendo wa mama umesemwa kwa mwendo wa moto kwenye kioo, na anayeusoma ni mchezaji anayehangaika kujiokoa.

Fox anacheza pia na msamiati wa gemu wenyewe. Herufi EXP, ambazo kila mchezaji anajua ni pointi za uzoefu, karibu na mwisho unaambiwa kuwa humu maana yake ni pointi za mauaji. Tumezikusanya pointi hizo katika gemu nyingine miaka yote bila kuuliza zinatoka wapi.

Tena kuna suala la kuhifadhi. Katika gemu nyingi, ukifanya jambo baya unazima, unarudi pale ulipohifadhi, na kosa linafutika kama halikutokea. Ukimuua Toriel, ukarudi nyuma na kumwachia hai, kuna ua lenye uso, jina lake Flowey, litakalokuambia waziwazi kwamba linajua ulichofanya. Ile njia ya siri ya kujisafisha inafichuliwa, na mchezaji anaulizwa: kama hakuna aliyeona, je, hukufanya?

KUFAULU NA KUTOFAULU

Watunzi wote watatu wamefaulu kuunganisha kitendo na dhamira, lakini hawakosi dosari. Katika Shadow of the Colossus, Mono amelala karibu mchezo mzima. Yeye ni sababu ya safari na zawadi ya mwisho wa safari. Mawazo yake hatuyajui, wala hakuna aliyemuuliza kama anataka kufufuliwa kwa gharama hiyo. Hii ni hali ya zamani ya kumchora mwanamke kama chombo, na uzuri wa mandhari usitufumbe macho.

Katika Papers, Please, watu wa dirishani wana nyuso na sauti, lakini familia ni majina machache kwenye karatasi ya jioni: ana njaa, anasikia baridi, anaumwa. Matokeo yake mizani inaelemea upande mmoja. Mgeni anatutoa machozi, mjomba anageuka hesabu. Kama tungeuona uso wa yule mtoto kila jioni, uamuzi ungekuwa mgumu maradufu.

Nayo Undertale, ambayo niliipenda kuliko zote kwa ucheshi wake, imeifanya huruma kuwa nyepesi kidogo. Ukimhurumia zimwi, unayebaki dhaifu ni wewe peke yako. Hakuna mwingine anayelala njaa kwa sababu ya wema wako. Nikiiweka kando ya dirisha la Arstotzka, naona Fox amejenga ulimwengu ambamo karibu kila ugomvi unakwisha watu wakizungumza. Hayo ni matamanio mazuri, ila tunaoishi kwa kugawana kidogo kilichopo tunajua wema mara nyingi unamgharimu mtu wa tatu.

HITIMISHO

Sidai kwamba gemu zote ni fasihi, kama ambavyo si kila kilichoandikwa ni fasihi. Ninachodai ni kwamba zana za uhakiki tulizonazo zinatosha kuanzia kazi hii, mradi tuongeze maswali matatu kwenye orodha yetu ya kawaida ya wahusika, mandhari na mtindo. Je, mkono wa mchezaji unafanya nini mara nyingi kuliko kitu kingine chochote? Je, nani analipa gharama ya kitendo hicho? Je, mchezo unamruhusu mchezaji asahau alichofanya?

Chukua gemu yoyote unayoicheza usiku huu, uiulize maswali hayo. Zipo zitakazokosa jibu, na hizo tuziite burudani, hakuna ubaya. Zitakazojibu zinastahili kuandikiwa tahakiki kwa Kiswahili chetu, nasi tulio madarasani ndio tunaopaswa kuanza.