Usiku wa ndagala hulipiwa mapema

Jua likishazama Kalemie, upande wa Kongo, mitumbwi huondoka na taa zake, na muda si mrefu Ziwa Tanganyika linang'aa kama mji wa pili. Mwanga ndio chambo. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, hushinda kilindini mchana, hupanda usiku wakifuata vijidudu wanavyovila, wakajazana chini ya taa, na wavu ukainuliwa kutoka chini yao.

Karabai ndiyo iliyotawala kazi hii kwa miaka mingi. Inamulika vizuri, hakuna anayebisha. Ila hunywa petroli (Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wangesema mafuta ya taa) mpaka alfajiri, na utambi wake ukirushiwa maji na wimbi moja tu, unapasuka, mvuvi anabaki kupapasa akitafuta mwingine. Petroli nayo hulipiwa kabla ya kuingia majini, samaki wapatikane wasipatikane.

Jenereta humulika zaidi, kwa kelele na kwa mafuta yake yenyewe.

Taa ya LED inayotumia betri hugeuza hesabu: mvuvi hununua usiku mwingi kwa mkupuo. Haina moto wala utambi, na mwanga wake unaweza kuelekezwa wote majini. Rangi nayo ina kazi. Katika maji maangavu nyekundu hufa mapema, buluu na kijani huzama mbali; ndiyo maana wanaofuga matumbawe sebuleni Ulaya huchagua LED za buluu.

Kinachomkwamisha mvuvi ni bei ya siku ya kwanza, na mahali pa kuchaji. Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Osram ilijaribu njia nyingine mwaka 2008: kituo cha umeme wa jua ambako mvuvi alikodi taa iliyochajiwa na kuirudisha. Kwa mwenye kipato cha kila usiku, kukodi kunaingia akilini kuliko kununua.

Kichekesho kiko Manono, mkoa mmoja na Kalemie. Mji uliojengwa kwa uchimbaji wa bati umekalia mwamba wenye lithiamu nyingi, madini ya betri zenyewe, wakati betri zinazouzwa sokoni hutoka ng'ambo.

Mwezi mpevu ukichomoza, ndagala hutawanyika. Karabai na LED hulala ufukweni pamoja siku kadhaa, na muuza petroli hukaa bila wateja.