Soko halitaki ulegee, linataka ueleweke

Leo tunalo swali ambalo vijana wanaopiga muziki mgumu wamekuwa wakiulizana kwa miaka mingi. Je, bendi inayotaka kuuza kwa watu wengi ni lazima ilegeze muziki wake? Wengine husema lazima, kwa kuwa mwenye redio ndiye mwenye soko. Wengine husema anayelegeza muziki wake ameiuza nafsi yake. Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, tuanzie mbali, kisha turudi hapa mpakani Tunduma.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Roki ni muziki unaosimama juu ya gitaa la umeme. Metali ni roki iliyokazwa: gitaa linakwaruza, ngoma ni nzito, na sauti ya mwimbaji imejaa ghadhabu. Thrashi ni metali iliyotiwa kasi, ngoma zikienda mbio kama lori lililokatika breki kwenye mteremko, na mwimbaji akifoka badala ya kubembeleza. Mtindo huu ulikomaa Marekani, hasa katika jimbo la California, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bendi zake nne zilizovuma zaidi ni Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax.

Redio hazikuzitaka. Sababu haikuwa kelele peke yake. Redio ya biashara huishi kwa matangazo, na kati ya tangazo na tangazo kuna nafasi ya wimbo wa dakika tatu au nne. Mwaka 1986 Metallica ilitoa santuri ya Master of Puppets, na wimbo wenye jina hilo una zaidi ya dakika nane. Mtangazaji angeuweka wapi? Hadi mwaka 1989 bendi hiyo haikuwa imetengeneza hata video moja ya wimbo. Muziki wao ulisambaa kwa maonyesho, na kwa vijana waliorekodiana kaseti na kutumiana kwa posta.

Mwaka 1991 mambo yakageuka. Metallica ilimchukua mtayarishaji Bob Rock, ikapunguza kasi, ikafupisha nyimbo na kuziweka viitikio ambavyo hata mtoto angeweza kuvishika. Santuri hiyo iliuzwa Marekani peke yake zaidi ya nakala milioni 16. Mwaka uliofuata Megadeth nayo ilifika nafasi ya pili katika orodha ya santuri zinazouzwa sana nchini humo. Mashabiki wa zamani walilalama kwamba wamesalitiwa. Slayer haikufuata njia hiyo. Ilibaki na ukali wake, na ikaendelea kujaza kumbi kwa miaka mingi, ingawa haikufikia mauzo ya Metallica.

Sasa, wako waliotazama mauzo hayo wakasema: “Kumbe dawa ni kulegea.” Bendi nyingi za thrashi zikapunguza mwendo katika miaka ya 1990. Nyingi kati ya hizo ziliambulia patupu. Wasikilizaji wapya hawakuja, na wale wa zamani wakaondoka. Kulikoni? Ni kwamba Metallica ilipofupisha nyimbo, haikuuacha uzito wa gitaa lake. Ilibadilisha kile kilichomzuia mgeni asiingie, ikabakiza kile kilichomfanya mwenyeji akae. Waigaji wengi walibadilisha vyote viwili.

Msikilizaji wa Tunduma anaweza kuuliza: haya ya Marekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ng'ambo ya Nakonde iko nchi iliyowahi kupitia jambo hilo hilo. Katika miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na bendi za roki ngumu, za mtindo ambao siku hizi unajulikana kama Zamrock. Haikuwa thrashi, maana thrashi ilikuwa bado haijazaliwa, lakini gitaa lilikuwa kali na lenye mikwaruzo. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redio, asilimia 95, iwe ya Wazambia wenyewe. Fedha ya shaba nayo ilikuwa bado inazunguka, na vijana wa miji ya migodi walipata vyombo. Zikainuka bendi kama WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya na Ngozi Family.

Kisha bei ya shaba ikaporomoka katikati ya muongo huo. Mshahara ulipokosa nguvu, santuri ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa dukani. Bendi zikalazimika kutafuta namna ya kuwapendeza watu wengi zaidi. Hapa ndipo tunapoona njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya Paul Ngozi. Huyu aliimba kwa lugha ya nyumbani, akazungumzia mambo ya ndoa, ya mtaa na ya maisha magumu, akachanganya na mapigo ambayo watu waliyachezea tangu utotoni. Gitaa lake lakini liliendelea kuuma. Alipofariki mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliopendwa sana nchini mwake. Alifungua mlango wa lugha bila kuivunja nyumba.

Njia ya pili ni ya WITCH. Baada ya mwimbaji wake Emmanuel “Jagari” Chanda kuondoka na kwenda kufundisha, bendi iliingia miaka ya 1980 ikipiga disko, kwa sababu disko ndiyo iliyokuwa ikitakiwa. Kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa imenyamaza. Jagari baadaye alijishughulisha na uchimbaji wa vito. Wenzake wa mwanzo walifariki mmoja baada ya mwingine. Miaka mingi baadaye kampuni za nje zikaanza kuzitoa upya rekodi za Zamrock, na wanunuzi walichokimbilia kwanza ni ule muziki wa magitaa wa miaka ya 1970. Filamu kuhusu WITCH ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2023 Jagari, akiwa mzee, akatoa santuri mpya ya Zango pamoja na kikosi kipya.

Na Watanzania tumo. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na mapigo ya Kiafrika, ilihamia Zambia na mwaka 1976 ikatoa huko santuri ya Ave Africa. Bendi haikudumu sana baada ya hapo. Miaka 40 ikapita, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ikazikusanya rekodi zao na kuziuza upya duniani. Santuri inaweza kulala kama mbegu katika udongo mkavu, ikangoja mvua.

Kuna njia ya tatu pia, ya kuridhika na soko jembamba lakini refu. Vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa mwaka 2020 santuri ya metali kali mno kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hawakulegeza chochote. Hawakuwa wimbo wa kila daladala, lakini waliandikwa na kusikilizwa Ulaya na Marekani. Intaneti imewapa wachache wa kila nchi nafasi ya kukutana wakawa wengi.

Basi kijana wa Tunduma, Vwawa au Mlowo mwenye gitaa, au hata mwenye mistari migumu ya kufokafoka, afanye nini? Kwanza, ajiulize ni kitu gani kinamzuia msikilizaji mgeni. Kama ni urefu wa wimbo, aufupishe. Kama ni lugha, aimbe kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwanga kinachosikika pande zote mbili za mpaka. Pili, ajiulize ni kitu gani kikiondoka hatakuwa tena yeye, na hicho asikiguse hata akiahidiwa noti. Tatu, aandikishe kazi yake katika ofisi ya hakimiliki na atunze mikataba yake, maana muziki ukilala miaka 40 na kuamka, wa kwanza kulipwa ni mwenye karatasi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini tusikosee kudhani kwamba asili ya bendi ni kasi au kelele. Asili ni lile jambo ambalo bendi hiyo peke yake inaweza kulisema. Likisemwa kwa namna inayoeleweka, soko litasogea lenyewe, hata kama litachelewa.