Biti ndiyo inayomlipa mghani

Januari 2008, Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails alifanya jambo ambalo wenye lebo hulikwepa: alianika hesabu zake hadharani. Miezi miwili nyuma, yeye na mshairi Saul Williams walikuwa wameiweka mtandaoni albamu ya tatu ya Williams, msikilizaji akiachiwa achague kuichukua bure au kuilipia dola 5. Walioichukua walikuwa 154,449. Waliolipa ni 28,322, yaani asilimia 18.3. Ukizidisha unapata dola 141,610.

Reznor hakuficha kwamba amevunjika moyo. Mimi nazisoma hesabu zile kwa jicho jingine. Albamu iliyotangulia, ya mwaka 2004, iliyopitia madukani kama kawaida, ilikuwa imeuza nakala 33,897. Kwa hiyo bila duka na bila senti moja ya matangazo, wanunuzi wa miezi miwili walikaribia wale wa miaka zaidi ya mitatu. Waliochukua bure si wao walioila faida. Faida ililiwa na studio ya bei mbaya, ada za vipande vilivyochotwa kwenye nyimbo za watu wengine, gharama za kusambaza mafaili, na mkataba wa zamani wa uchapishaji uliokuwa bado unadai fungu lake. Reznor mwenyewe alikiri kuwa alitumia kupita kiasi.

Ndiyo hali ya biashara hii ya kughani mashairi juu ya hip-hop isiyofuata njia iliyozoeleka. Wateja wapo, si wengi, na ni waaminifu. Shida ni kwamba kila aliyeshika sehemu ya kazi ana hati inayoonyesha anadai nini, isipokuwa mshairi.

Chanzo cha hilo ni mahali alipolelewa. The Last Poets walianza Harlem mwaka 1968 wakighani juu ya ngoma, na albamu yao ya kwanza, kama ile ya Gil Scott-Heron, ilitoka 1970. Lakini kizazi cha Williams kilikulia kwenye slam, mashindano ya kughani mashairi yaliyopata umaarufu Chicago katika baa ya Green Mill tangu 1986, kisha yakashika mizizi New York katika Nuyorican Poets Cafe, ambako Williams alitwaa ubingwa mwaka 1996. Kanuni za mashindano hayo ni kali: dakika tatu, majaji wa kuokotwa humo humo ukumbini, na ala za muziki marufuku. Mshairi anajifunza kuiteka hadhira kwa sauti na mwili wake tu. Anachopata ni makofi na zawadi isiyotosha hata kodi ya chumba. Baa ndiyo inayouza vinywaji.

Akitoka hapo na kuingia studio, sheria inambadilishia hesabu. Nchini Marekani, leseni ya lazima inayomhakikishia mtunzi malipo kila kazi yake inapotolewa nakala inahusu kazi za muziki. Shairi lililoghaniwa bila ala halimo. ASCAP na BMI, wanaokusanya mirabaha kwa redio, baa na kumbi, nao hushughulika na muziki. Wachekeshaji waliiona joto ya jiwe mwishoni mwa 2021: wakala wao Spoken Giants alipodai malipo ya maneno yenyewe, mbali na yale ya rekodi, Spotify iliziondoa kazi za wengi wao. Sasa chukua maneno yaleyale uyatandikie besi na ngoma. Kisheria kimezaliwa kitu kingine, wimbo, na wimbo una wakusanyaji tayari.

Kwa desturi, nusu ya utunzi huhesabiwa kuwa maneno na nusu muziki. Washairi huinung'unikia nusu ya prodyuza, hasa pale shairi lilipoandikwa kwa miaka na biti ikapikwa usiku mmoja. Wanasahau kwamba kabla prodyuza hajafungua kompyuta hakukuwa na cha kugawana. Ugomvi wa kweli huzaliwa pale ambapo hakuna aliyeandika chochote: karatasi moja yenye majina, asilimia na saini, ikimalizwa kabla watu hawajatoka studio, ingezima kesi nyingi.

Mtandaoni mambo ni magumu zaidi kwa mghani kuliko kwa mwimbaji. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu. Shairi la dakika tisa huhesabiwa mara moja, sawasawa na wimbo wa dakika mbili. Ndiyo maana wengi wamehamia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni linalokata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali na 10 kwenye santuri na fulana, na linalomruhusu mnunuzi kuzidisha bei kwa hiari yake. Nako si kisiwa cha amani: lilinunuliwa na kampuni ya Epic Games mwaka 2022, likauzwa tena kwa kampuni ya Songtradr mwaka uliofuata, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachwa.

Tuzo za Grammy zilianzisha kipengele cha albamu ya mashairi mwaka 2023, na mshairi J. Ivy akakichukua mara mbili mfululizo. Heshima ni heshima, lakini jina lake lilikwishasikika tangu 2004 kwenye wimbo wa Kanye West.

Fedha nene hutoka kwa mwenye shughuli yake. Mwaka 2008 Nike iliutumia wimbo wa Williams katika tangazo la televisheni, na mashabiki waliomjua kama mkosoaji wa ubepari wakaja juu. Tanzania tunaijua njia hiyo vizuri. Mrisho Mpoto, anayeghani juu ya ala kwa namna yake, sauti yake imebeba kampeni za umma, ikiwemo ya vyoo bora, Nyumba ni Choo. Sioni aibu hapo. Malenga wa mwambao walitunzwa na waliowaalika. Ila anayetunzwa huchunga ulimi, na fani hii iliuzika kwa sababu haikuchunga.

Njia ya tatu, baada ya kujiuzia mtandaoni na kutunzwa, inatoka Kampala. Lebo ya Hakuna Kulala, tawi la Nyege Nyege Tapes, inamtoa MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza juu ya biti za akina Debmaster, Scotch Rolex na Chrisman, maprodyuza kutoka Ufaransa, Japani na Kongo. Albamu yake ya 2023, Yallah Beibe, haikutengenezwa kwa ajili ya redio za Uganda. Williams naye alifika ukanda huu: filamu yake na Anisia Uzeyman, Neptune Frost ya 2021, ilipigwa Rwanda na Kiswahili kimo.

Soko la lebo za namna hii ni wakusanyaji wa santuri na matamasha, mengi yakiwa Ulaya, na huko kuna ada isiyoonekana kwenye bango. Tangu Juni 2024 ombi la visa ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hazirudi. Mghani, prodyuza na fundi sauti ni euro 270 kabla ya tiketi ya ndege. Tamasha likishatangaza jina na visa ikakataliwa, hasara inabaki kwa yule ambaye mkataba haukumkinga.